Lori Nililolidharau Giakanja

Ninayemwandikia ni mwanamke aliyeona damu mahali pasipostahili kuwa na damu, na ambaye kwa sasa ana kazi moja kubwa: kujifanya hakuiona. Nimewahi kuwa wewe. Sitakubembeleza. Walionibembeleza walinipotezea muda. Walionisumbua ndio walionifikisha hapa.

Naitwa Wangari. Nilifundisha Kiswahili katika shule za upili za Tetu kwa miaka thelathini na minne, nikastaafu nikiwa na miaka sitini. Kuanzia Giakanja hadi Wamagana watu wanajua kwamba ulimi wangu hauna breki. Niliweza kumdharau mtu kwa ngeli aliyoiharibu kabla sijamjua jina. Na katika ukoo wote wa mume wangu, hakuna niliyemdharau kwa bidii kama Nyaguthii, mke wa shemeji yangu Kariuki.

Nyaguthii aliishia darasa la saba. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, yaani alivaa kizibao cha buluu, akabeba daftari, na kuingia katika nyumba za watu akiuliza kama choo kina mfuniko na kama mtoto amechanjwa. Niliona ni umbea uliopewa sare. Mwezi wa pili, wakati vumbi la kiangazi limepaka majani ya kahawa rangi ya matofali, aliingia kwangu bila kubisha.

"Mwalimu, gari ya kansa inakuja Giakanja Alhamisi. Nimeandika jina yako."

"Jina langu," nikamwambia.

"Eeh, hiyo hiyo. Nimeandika."

Akaenda zake. Sikumwambia kwamba tangu Krismasi nilikuwa nikiona damu, mimi niliyeacha kuona mwezi miaka tisa nyuma. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeitafutia ile damu sababu nyingi: nimebeba mtungi mzito, nimeinama sana shambani, nimekula kitu cha moto. Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto kusoma kifungu na kukijibia maswali. Mwili wangu uliniandikia sentensi moja fupi, nikaigeuza nisiielewe.

Alhamisi nilienda Giakanja. Nilijiambia kwamba naenda kuona vioja. Labda ni kweli nusu.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi, wanawake kama mia hivi, wengi wakiwa wamekamua ng'ombe na kuja na leso mabegani. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya soko, jeupe, limechorwa mwanamke anayecheka kama aliyeshinda bahati nasibu. Mlango ulikuwa wazi. Ngazi zilikuwa zimeteremshwa. Wauguzi wawili walikuwa wamekaa ndani, glavu mezani, tayari. Lakini tuliambiwa lori bado halijafunguliwa. Nilidhani nimesikia vibaya. Kijana mmoja wa itifaki, suti yake ikimbana makwapani, akarudia: lisingefunguliwa mpaka mheshimiwa afike akate utepe.

Mheshimiwa alifika saa saba mchana. Jina lake simpi heshima ya kulitaja. Wakati huo wanawake waliotoka mbali walikuwa wamekaa chini ya jua kwa saa tano na nusu, kwa sababu viti vyenye vitambaa vyeupe vilikuwa vya wageni. Akapokewa kwa ngoma. Akacheza, vibaya. Akashika kipaza sauti akatuambia kwamba saratani ni adui, kwamba yeye anampenda mama yake, na kwamba barabara ya kwetu itawekwa lami. Baada yake akazungumza mtu wa shirika lililoleta lori, kisha mtu wa kumshukuru mtu wa shirika, kisha mchungaji akaomba kwa muda wa kutosha kupima wanawake wanne. Nilihesabu kwa saa yangu. Halafu wakagawa fulana. Muuguzi mmoja, niliona kupitia mlango, alikuwa amelala na kichwa mezani.

Utepe ulikatwa saa tisa. Dereva akatangaza kwamba lori linarudi Nyeri saa kumi na moja.

Foleni ilikuwa imeshapungua. Ng'ombe hawasubiri hotuba. Nami nilikuwa nimechukua mkoba wangu niondoke, nimeridhika kabisa, maana nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta: sababu ya kudharau. Nyaguthii akanishika mkono.

"Panda, Mwalimu."

"Nitapanda siku nyingine."

"Siku nyingine ni gani?"

Nikapanda ngazi kwa hasira, ndiyo, na kama hasira ndiyo itakayokupandisha wewe, itumie.

Ndani palikuwa na pazia, kitanda chembamba na harufu ya spiriti. Muuguzi alikuwa binti wa umri wa kuwa mjukuu wangu. Aliuliza maswali akiandika. Unatokwa na damu? Nikasema hapana. Nikalala, nikakodolea macho bati la juu wakati anaingiza kile chombo baridi. Hakuniumiza. Akaangalia. Akaondoa mikono, akavua glavu taratibu, akaketi karibu na kichwa changu.

"Mama, nimekuuliza kama unatokwa na damu, ukasema hapana."

"Nilisema hapana."

"Sasa nakuuliza tena."

Nilimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti, na nililisema kwa mtoto nisiyemjua, ndani ya lori, nje watu wakigombania fulana.

Aliniandikia barua niipeleke hospitali kubwa ya Nyeri kesho yake. Nikaitia kwenye droo yenye mitihani ya zamani. Ikakaa humo wiki tatu. Najua unanishangaa. Usinishangae, niambie yako iko wapi.

Nyaguthii alipita kila Jumatatu. "Umeenda?" Nikamwambia nina shughuli. Jumatatu ya tatu mvua ya masika ilikuwa imeanza, akaja amelowa hadi kizibao kimemgandia mgongoni. Akakaa kwenye kizingiti cha jikoni.

"Leo sitoki hapa."

"Utakaa na nani?"

"Na wewe. Mwalimu, mimi sijui Kiswahili ya kitabu. Lakini ile barua niliiona pale kwa lori. Kuna neno moja imepigwa laini chini mara mbili. Watu hawapigi laini mara mbili bure."

Neno lenyewe lilikuwa "haraka". Niliifungua droo mbele yake, nikalisoma. Alfajiri iliyofuata tulikuwa Nyeri, yeye na mimi, kwenye benchi la mbao ambalo baadaye nilikuja kulijua kuliko kitanda changu.

Kuhusu mabenchi nitasema kidogo, kwa sababu hakuna anayekuandaa. Utangoja. Utangoja kadi, utangoja faili, utangoja faili lipatikane. Kutakuwa na televisheni isiyo na sauti. Kutakuwa na mzee anayemweleza kila mtu kwamba binamu yake alipona kwa mizizi. Utakatwa kipande kidogo cha nyama, kisha utangoja kipande hicho kisomwe, na katika wiki hizo utawachukia watu wanaocheka barabarani. Beba chakula chako. Beba sweta. Beba mtu asiyeongea sana. Nyaguthii, ambaye nilidhani hawezi kufunga mdomo, alikaa saa nne kimya akishona kifungo cha kizibao chake.

Majibu yalikuja mwezi wa tano: saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alisema imeenea kidogo lakini inatibika, mionzi na dawa ya dripu kwa pamoja. Mionzi ningefanyiwa Nairobi.

Mume wangu, Njogu, aliwaita ndugu zake tuzungumze. Njogu ni mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache, na kwa miaka thelathini na mitano niliyahesabu machache hayo kuwa dalili ya kichwa kitupu. Kariuki alikuja na mkewe. Alikunywa chai yangu vikombe viwili, akafuta midomo, akasema:

"Mimi nasema tu vile nimesikia. Ati huo ni ugonjwa ya wanawake wa kutembea. Mwalimu alikuwa anafundisha mbali sana, hizo miaka za kwanza. Nani anajua?"

Nyaguthii akainamisha kichwa na kuangalia kikombe chake. Nilimgeukia mume wangu. Njogu alikuwa anaangalia mlango.

Nilimjibu Kariuki mwenyewe, na sitayarudia niliyosema kwa sababu baadhi yake hayakuwa Kiswahili sanifu. Lakini hakuna jibu langu lililofuta kimya cha Njogu. Kariuki ni mjinga, na mjinga unaweza kumdharau ukaendelea na kazi. Kimya cha mtu unayelala naye kinakufuata hadi chini ya mashine.

Basi nikaenda Nairobi mwezi wa sita, wakati ukungu unashuka Nyeri na watu wanakaa jikoni kutwa. Nilikaa kwa mdogo wangu. Siku tano kwa wiki nililazwa chini ya mashine kubwa inayozunguka ikinguruma, na kila Jumanne nikatiwa dripu. Nilianza kuhesabu maisha kwa vipindi, kama shuleni: mionzi ya kwanza, ya tano, ya kumi. Kufikia ya kumi, mkojo ulikuwa unachoma kama pilipili. Kufikia ya kumi na tano, tumbo lilikuwa linaharisha bila kuniomba ruhusa. Ngozi ya kinenani ikawa nyeusi ikachubuka. Nywele zangu hazikudondoka zote, zilipungua tu, kama zulia kuukuu. Nilinuka. Nasema hivyo wazi kwa sababu wale waliotuandikia vijitabu vyenye maua hawakusema. Utanuka kwa muda, kisha utaacha. Hapo katikati, jioshe kwa maji ya vuguvugu, na usimruhusu mtu akuletee manukato.

Kwenye benchi la Nairobi nilikutana na Mama Karimi, mchuma chai kutoka upande wa Kianyaga. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa majani ya chai usiotoka kwa sabuni. Alikuja kila asubuhi na nduma zilizochemshwa, akanimegea bila kuniuliza kama nataka. Na kila siku alivaa fulana ileile ya waridi yenye maandishi mekundu: PIMWA MAPEMA, OKOA MAISHA.

Siku moja nikamuuliza alikoipata. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Gari ilikuja kwetu mwaka juzi. Tukapanga laini. Kukawa na wageni, wakaongea, wakaongea. Saa kumi na moja ikafika, wakatuambia turudi kesho. Wakatupatia hii."

"Na kesho yake?"

"Nilirudi. Gari ndiyo haikurudi."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Aligundulika baada ya mwaka na nusu, alipoanguka shambani na kikapu mgongoni. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda hadi kwenye figo. Mimi nilikuwa nimeketi hapo kwa sababu nilipanda ngazi zikiwa zimebaki saa mbili lori liondoke. Yeye alikuwa amefika chini ya ngazi zilezile akapewa fulana. Sikuona tofauti nyingine kati yetu. Yeye, kwa kweli, ndiye aliyekuwa ametaka kupimwa.

Nimedharau watu wengi maishani mwangu kwa makosa madogo. Siku ile nilitambua kwamba dharau yangu nilikuwa nimeitapanya ovyo, kwa ngeli na kwa vizibao, nikabakisha kidogo mno kwa mtu anayeweza kushika kipaza sauti kwa saa mbili huku mwanamke anakufa taratibu kwenye foleni mbele yake.

Nilirudi nyumbani mwezi wa nane nikiwa nimepungua hadi nguo zangu zikawa za mtu mwingine. Sikuweza kutembea mpaka chooni bila kushika ukuta. Nilikuwa nalowesha vitambaa, na nilivificha chini ya kitanda ili nivifue nikipata nguvu. Asubuhi moja niliamka nikakuta havipo. Nikasikia maji yakimwagika nje. Njogu alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, beseni kati ya magoti, anavifua. Halafu akavianika, na hakuvianika nyuma ya nyumba. Alivianika kwenye kamba ya mbele, inayotazama barabara.

Kariuki alipita akielekea kwenye kiwanda cha kahawa. Akasimama.

"Njogu, hiyo ni kazi ya mwanamume?"

"Ni kazi ya bwana ya Wangari," Njogu akasema. "Na ile maneno ulisema hapa kwangu, usiwahi kuisema tena. Nilipaswa kukutoa siku ile. Nilikosa."

Nilisimama ndani nyuma ya pazia. Ngeli zilikuwa zimevurugika zote. Sikurekebisha hata moja. Wala sikumsamehe papo hapo, tusidanganyane. Ilichukua msimu mzima wa kahawa. Hatujarudi kulala kama zamani, mwili wangu umefunga mlango huo kwa kiasi kikubwa, na hilo pia lilituletea siku za kutazamana kama wageni. Lakini alinifulia mpaka mwezi wa kumi, kahawa ilipoanza kuiva, na mwezi huo daktari akaniambia haoni uvimbe.

Mama Karimi alifariki mwezi wa kumi na moja. Binti yake alinipigia simu. Nilienda Kianyaga kuzika, nikasimama nyuma kwa kuwa miguu ilikuwa bado dhaifu. Mheshimiwa wa huko alituma mwakilishi. Mwakilishi akaomba dakika mbili.

Kisha ukaja mwezi wa pili tena, na Nyaguthii akaja kunieleza kwamba lori linarudi, safari hii Wamagana. Waandaaji walikuwa wamesikia habari zangu. Walitaka nizungumze. Wangeniita shujaa.

"Utakubali?" akauliza.

"Nitafika," nikasema.

Walinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Saa nne asubuhi mheshimiwa alikuwa bado njiani, wauguzi wamekaa ndani, utepe umefungwa, wanawake wako juani. Kijana wa itifaki, suti nyingine lakini yenye kubana vilevile, akanipa kipaza sauti niwachangamshe watu kwa kuwa mgeni rasmi amechelewa.

Nilisimama. Nikasema jina langu. Nikasema nilipimwa ndani ya lori hili, nikakutwa na saratani, nikatibiwa, na niko hai. Nikasema kuhusu Mama Karimi, maneno matatu au manne tu, na ile fulana. Halafu nikasema: "Sasa inukeni. Muda wa kupimwa ni huu. Mheshimiwa akija atahutubia watakaokuwa wamebaki."

Yule kijana alinijia mbio. "Mwalimu, hapana! Lori bado halijafunguliwa!"

"Mlango uko wazi," nikamwambia. "Wewe huoni?"

Nilitembea mpaka pale nikauinua utepe kwa mkono, mwanamke wa kwanza akapita chini yake na mtoto mgongoni. Muuguzi alisimama akavaa glavu upesi, kama aliyeogopa tutabadili mawazo. Akapita wa pili. Kufikia saa sita walikuwa wamepimwa wengi kuliko siku nzima ya Giakanja. Mheshimiwa alipowasili alikuta foleni imempa mgongo. Alizungumza, bila shaka alizungumza. Sikumsikiliza.

Nyaguthii alikuwa amesimama kwenye ngazi na daftari lake, anaita majina. Nilisimama kando yake nikisoma orodha, kwa mazoea ya ualimu tu. Majirani walikuwamo, wake za wachuuzi wa soko, hata mke wa mchungaji. Nikafika mwisho.

"Nyaguthii. Wewe umeshapimwa?"

Hakuniangalia. "Mimi ndiye naandika."

"Sijauliza nani anaandika."

"Mwalimu, niko na watu kwa laini."

"Hata mwaka jana hukupimwa?"

Kalamu ikasimama. Mwanamke huyu alinilowea mvua. Alikaa kwenye kizingiti changu akakataa kuondoka. Dharau ya zamani ilinipanda kooni tayari kabisa, na maneno yake: mnafiki, mhubiri asiyetubu.

"Baba Gitonga alisema kitambo," akasema polepole. Baba Gitonga ni Kariuki. "Ati nikipatikana nayo, nisirudi kwake. Na vile wewe ulipatikana akaongeza, ati ukoo iko na mmoja na huyo anatosha."

Kumbe siku ile sebuleni alipoinamisha kichwa, hakuwa anaona aibu kwa ajili yangu. Alikuwa anasomewa hukumu yake mwenyewe.

Niliyameza yale maneno. Sina mazoea ya kumeza maneno; yaliniuma yakishuka. Nikamnyang'anya daftari.

"Panda."

"Nitapanda nikimaliza hawa."

"Nitaandika mimi. Najua kuandika. Ukipatikana nayo utakuja kwangu, kuna chumba cha binti yetu Wairimu, hakuna anayelala humo tangu aolewe. Njogu anajua kufua. Panda."

Aliweka mkono kwenye chuma cha ngazi. Kisha akapanda, na pazia likafungwa. Niliandika majina. Mwandiko wangu, ninaoujivunia, ulitetemeka ukurasa mzima.

Alitoka baada ya kama robo saa. Alikuwa amekutwa na mabadiliko madogo, yale yanayochomwa kwa kifaa yakaisha kabla hayajawa saratani, na muuguzi alikuwa amempangia siku ya kurudi Jumatatu. Alishuka ngazi moja moja, akasimama mbele yangu, uso umejaa hasira ya mtu aliyeibiwa.

"Ni hiyo tu?" akasema. "Ati hiyo tu ndiyo nimeogopa miaka hizi zote?"

"Hiyo tu," nikamwambia.

Akanitazama, akalichukua daftari lake, akatazama mwandiko wangu, na kuita jina lililofuata.